Kumbukumbu ya Mwalimu Isaya Mukirane



Katika toleo hili Kamati imeona vema kumkumbuka Mwalimu Isaya Mukirane, ambaye jina lake tulilisikia mara tu tulipovuka Mpondwe na kupokewa Bwera. Wengi wetu ni Banande, na pamoja na Bakonzo wa hapa tunasikilizana bila mkalimani.

Mukirane alikuwa mwalimu wa shule. Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 ulikuwa umewaweka Bakonzo na Baamba chini ya mfalme wa Toro, na watoto wao walisomeshwa kwa Kitoro. Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli walipinga, wakanyongwa Kagando mwaka 1921.

Mwaka 1954 Mukirane alizunguka milima kwa miguu pamoja na Mwingereza Tom Stacey, akimtafsiria maneno ya wazee juu ya koo na mila. Ndipo kikazaliwa chama cha kutafuta historia ya maisha ya Bakonzo. Ungedhani ni kazi ya daftari na kalamu tu. Lakini mtu aliyeulizwa babu zake walitoka wapi, naye aliuliza kwa nini mwanawe hasomi kwa lugha ya babu hao. Kwetu sisi, hiyo ndiyo kazi yake kubwa, kuliko hata kiti cha ufalme.

Machi 1962 wajumbe wa Bakonzo na Baamba walitoka katika Rukurato, baraza la Toro. Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya walikamatwa. Alipopata dhamana, Mukirane alipanda mlimani. Tarehe 30 Juni 1962 Rwenzururu ilitangazwa kuwa nchi, na baadaye yeye akawa Omusinga, yaani mfalme. Kawamara alitaka wilaya ndani ya Uganda, hapo wakaachana.

Tusifiche: vita ile iliunguza nyumba nyingi na kuwanyima watoto shule. Watu walikimbilia juu milimani, wengine wakavuka kuja Kongo, kwa mpaka huuhuu tuliouvuka sisi.

Mwalimu alifariki Septemba 1966, huko huko mlimani. Mwanawe Charles Wesley Mumbere alirithi akiwa bado mtoto. Wilaya ilipatikana mwaka 1974, wakati wa Idi Amin, nayo ndiyo Kasese hii. Mumbere alishuka na watu wake mwaka 1982 kwa mapatano na serikali, na mwaka 2009 ufalme ukatambuliwa, safari hii ndani ya Uganda.