Leo Fender: Fundi redio asiyejua kupiga gitaa aliyetikisa ukumbi wa ufukweni

Mwaka 1961, Newport Beach, California. Vijana waliokesha mchana kutwa baharini na mbao zao za kuteleza juu ya mawimbi wanafika mlangoni mwa ukumbi wa Rendezvous, pale Balboa, na kukutana na kizuizi cha ajabu: tai. Wakubwa wa mji walikuwa wamekubali dansi la rock lipigwe pale kwa sharti kwamba wanaume wavae tai. Waandaaji wakaona isiwe tabu, wakaweka tai za kugawa mlangoni. Wapo walioingia na tai shingoni, miguu peku.

Jukwaani alikuwa Dick Dale, kijana wa miaka 24, anayetumia mkono wa kushoto na kupiga gitaa nyuzi zikiwa zimepinduka, nene chini, nyembamba juu. Naye alikuwa mcheza mawimbi. Alitaka gitaa lisikike kama bahari inavyonguruma mtu akiwa ndani ya wimbi.

Tatizo lilikuwa moja. Kila akipiga kwa nguvu hiyo, amplifaya inaungua.

Mtu aliyekuwa akizitengeneza amplifaya hizo aliishi mwendo mfupi tu kwa gari kutoka ufukweni, kwenye mji wa Fullerton. Jina lake Leo Fender. Na hapa ndipo stori inaponoga, kwa sababu huyu bwana, ambaye jina lake limeandikwa kwenye vichwa vya magitaa dunia nzima, hakujua kupiga gitaa.

Alizaliwa Agosti 10, 1909, kwenye shamba la wazazi wake wakulima wa machungwa. Akiwa na miaka minane alipoteza jicho moja, akawekewa la kioo. Utotoni aligusa piano na saksafoni, lakini akili yake ilikuwa kwenye redio. Chuoni alisomea uhasibu. Mambo ya umeme alijifundisha mwenyewe. Kazi za uhasibu zikayumba kipindi cha mdororo wa uchumi, na mwaka 1938 akakopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio.

Wanamuziki ndio waliobadilisha maisha yake. Walikuwa wakimletea vipaza sauti vibovu na amplifaya zinazokwaruza, na yeye, tofauti na mafundi wengi, aliuliza maswali: Inakusumbua wapi? Unaipigaje? Kisha anarudi mezani kwake. Kwa kuwa hakuweza kujaribu chombo mwenyewe, alitegemea masikio na vidole vya wenzake. Mmoja wao alikuwa Freddie Tavares, mpiga gitaa kutoka Hawaii, aliyejiunga naye mwaka 1953.

Mwaka 1951 soko lilikuwa na Telecaster, gitaa la umeme la ubao mzima usio na uwazi ndani, pamoja na gitaa lake la besi la Precision. Mwaka 1954 ikaja Stratocaster. Hilo ndilo alilolishika Dick Dale.

Turudi Rendezvous. Dale alipeleka malalamiko Fullerton, Leo akarekebisha, Dale akarudi na nyingine imeungua. Kwa hesabu ya Dale mwenyewe, zaidi ya amplifaya 40 zilikufa mikononi mwake. Kiwandani zilikuwa zinafanya kazi vizuri tu. Sasa kosa liko wapi?

Kwa masimulizi ya Dale, Leo alilielewa jambo hilo siku alipokubali kwenda ukumbini pamoja na Tavares, wakasimama katikati ya watu. Ukumbi mtupu na ukumbi wenye maelfu ya vijana wanaokanyaga sakafu kwa pamoja ni vitu viwili tofauti. Miili ya watu inameza sauti. Na Dale alitumia nyuzi nene kupita kiasi, akizichapa kama anapiga ngoma.

Leo akarudi karakanani. Akatengeneza transfoma kubwa zaidi, amplifaya ya wati 85, na kuiunganisha na spika ya inchi 15 ya kampuni ya JBL. Ikaitwa Showman. Baadaye zikafungwa spika mbili, ikawa Dual Showman. Kwa miaka ile, huo ulikuwa mzigo mzito hasa.

Kilichofuata ni kisanduku cha mwangwi cha mwaka 1961. Ndani yake kuna springi. Sauti inapitishwa humo, springi zinatetemeka, na inatoka imelowa, kana kwamba mtu anapiga akiwa pangoni. Dale alikitaka kwa ajili ya kuimbia. Lakini bendi za vijana zikakiunganisha na gitaa, na leo ukisikia muziki wa surf, ule mlio wa majimaji ndio springi zenyewe.

Mwaka 1962 Dale akarekodi Misirlou, wimbo wa zamani wa mashariki ya Mediterania. Familia ya baba yake ilitoka Lebanon, na nyumbani kwao udi ulipigwa, huu huu udi wa taarab. Ukisikia mkono wake unavyokimbia kwenye uzi mmoja, unaelewa ulikotoka. Mwaka 1963 Pipeline ya The Chantays na Wipe Out ya The Surfaris zilikuwa redioni, na vijana wa miji ya ufukweni wakawa na bendi zao, wengi wakiwa na vyombo vya Fender.

Lakini fundi mwenyewe alikuwa anaumwa. Kwa miaka kadhaa maambukizi ya bakteria yalimtesa kwenye matundu ya pua na uso, na matibabu hayakusaidia. Leo akaamini hana muda mrefu. Januari 1965 kampuni yake ikauzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. CBS hao hao, miezi michache kabla, walikuwa wamenunua asilimia 80 ya timu ya besiboli ya New York Yankees kwa dola milioni 11.2. Kwa maneno mengine, karakana ya fundi redio iliwagharimu zaidi.

Kisha akabadili daktari. Akapona.

Sasa yuko hai, ana pesa, na hana kampuni. Jina lake liko kwenye magitaa ambayo hana sauti nayo, na mkataba unamzuia kushindana kwa miaka kumi. Wapigaji wengi walikuja kulalamika kwamba magitaa ya enzi ya CBS yameshuka ubora, na hadi leo yale ya kabla ya 1965 yanasakwa kwa bei ya kutisha. Ukumbi wa Rendezvous nao uliteketea kwa moto mwaka 1966.

Wengine wangepumzika. Leo akaingia Music Man, halafu akaanzisha G&L na rafiki yake George Fullerton, palepale Fullerton. Ugonjwa wa Parkinson ulimkuta akiwa bado anabuni. Alifariki Machi 21, 1991, akiwa na miaka 81. Siku moja kabla alikuwa kazini.