Ham Mukasa, Msomaji wa Buganda

Mara nyingi hapa Ngerengere, na katika sharika za milima ya Uluguru, tumewasikia Wakristo wakisema ya kuwa elimu ngumu ya mambo ya Mungu ni kazi ya wachungaji. Mkulima na mtu wa reli yawatosha kusikiliza siku ya Jumapili. Neno hili lina sura ya unyenyekevu, lakini sisi twaliogopa. Kwa hiyo twaona vema kuwasimulia habari za mtu mmoja wa Buganda. Hakuwa Mlutheri, wala hakuwa mchungaji, lakini aliisumbukia elimu hiyo hata akawafaa wengine.

Ham Mukasa alizaliwa yapata mwaka 1870, na angali kijana akawa mtumishi katika jumba la Kabaka. Siku zile wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kufika, na mmoja wao, fundi Alexander Mackay, alifika mwaka 1878. Vitabu vya Kiganda havikuwapo bado. Basi walianza kufundisha kwa Kiswahili, wakitumia Injili zilizofasiriwa Unguja na Edward Steere. Hivyo vijana wale walilipokea Neno kwanza katika lugha yetu, iliyokuwa ngeni kwao. Watu wakawaita wasomaji, kwa maana huko kusoma na kuamini kulihesabiwa kuwa jambo moja.

Jambo hilo lilikuwa na gharama. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwaua wasomaji wengi, na baadhi yao wakachomwa moto Namugongo. Mukasa akasalimika. Mwaka 1888 vikaanza vita vya dini, na katika vita hivyo akajeruhiwa goti, akabaki kuchechemea maisha yake yote.

Mwaka 1896 Biblia nzima ya Kiganda ilipatikana, kazi ya George Pilkington na wenzake Waganda, wa kwanza wao Henry Wright Duta. Lakini kuwa na kitabu siko kukifahamu. Tazameni Injili ya Mathayo. Mlangoni pake yasimama majina mengi ya wazee wa Israeli. Ndani yake mna Mafarisayo na Masadukayo, talanta na dinari, na ile sura ya 24 inayowatatiza hata wenye elimu. Mkulima wa Buganda, ambaye hajapata kuona sinagogi wala bahari, angeyafahamuje? Mukasa hakusema ya kuwa hayo ni ya wachungaji. Alishika kalamu akaandika kitabu cha kuifafanua Injili hiyo kwa Kiganda, nacho kikapigwa chapa mwaka 1900, naye umri wake wapata miaka 30.

Baada ya hayo hakuiacha kazi yake ya dunia. Mwaka 1902 alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda Uingereza kwa kutawazwa kwake Mfalme Edward VII, akaandika habari za safari ile. Tangu mwaka 1905 hata 1935 alikuwa Sekibobo, yaani mtawala wa jimbo la Kyaggwe. Alimokuwa mzee akaandika habari za wafalme wa Buganda, akakiita kitabu chake Simuda Nyuma, maana yake Sirudi Nyuma. Akafariki mwaka 1956.

Basi sisi tujifunze nini? Martin Luther naye, alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliwawekea wakuu wa nyumba wapate kuwafundisha watu wao. Mchungaji hawezi kuwapo katika kila nyumba usiku wa msiba, mtoto anapouliza kwa nini Mungu amemchukua mama. Na mwalimu wa uongo ajapo na Biblia mkononi, hagongi kwanza kwa mchungaji, agonga kwenu. Wakati huo mtu aliyezoea kusikiliza tu atajibu nini?

Twawasihi, msingoje hata yote yawe mepesi. Chukueni Mathayo, someni sura moja kwa juma, wawili au watatu pamoja. Mahali mnapokwama, andikeni swali mtuletee. Nasi wachungaji tusione haya kukiri ya kuwa maswali mengine yatatukwamisha pia. Ndipo tutakapoyasoma pamoja nanyi.