Saitoti: Msomi wa hesabu aliyeonja pande mbili za karo

SHULE za msingi zilipofunguliwa Januari 2003, siku chache tu baada ya serikali ya NARC kuingia mamlakani, wazazi kote nchini walifurika katika ofisi za walimu wakuu wakiwa wamewashika watoto wao mikono. Vijana waliokuwa wameacha masomo kwa miaka kadhaa kwa kukosa karo walipanga foleni pamoja na watoto wa miaka sita. Waziri aliyetwikwa mzigo wa kuwatafutia nafasi alikuwa Profesa George Saitoti, mbunge wa Kajiado Kaskazini.

Katika shangwe hizo, ni wachache waliokumbuka kwamba miaka 15 hivi kabla ya hapo, serikali ilipoamua kuwa wazazi wachangie gharama za elimu, Waziri wa Fedha alikuwa Saitoti huyo huyo. Siasa za Kenya zina viongozi wachache mno waliosimama pande zote mbili za suala la karo wakiwa na mamlaka makubwa kiasi hicho.

Saitoti alizaliwa mwaka 1945 na kupata elimu yake ya mwanzo katika Shule ya Msingi ya Ololua, Ngong, kabla ya kujiunga na Shule ya Upili ya Mang'u. Bidii yake darasani ilimpatia ufadhili wa kusomea Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, na baadaye akavuka hadi Uingereza, alikosomea katika vyuo vikuu vya Sussex na Warwick. Ni Warwick alikohitimu shahada ya uzamifu katika hisabati mwaka 1972.

Alirejea nyumbani kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akapanda ngazi hadi kuongoza Idara ya Hisabati. Mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa wasomi walioasisi Muungano wa Wanahisabati wa Afrika. Kufikia wakati huo alikuwa ameonja siasa pia, kwani Rais Jomo Kenyatta alikuwa amemteua kuwa mwanachama wa Bunge la Afrika Mashariki, alikohudumu hadi jumuiya ya kwanza iliposambaratika mwaka 1977.

Mwaka 1983 Rais Daniel arap Moi alimteua kuwa mbunge na kumkabidhi Wizara ya Fedha. Hazina ya serikali ilikuwa imebanwa. Wakopeshaji wa kimataifa, wakiongozwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani, walishikilia kwamba serikali ipunguze matumizi katika huduma za jamii. Elimu ilikuwa ikimeza sehemu kubwa ya bajeti.

Kabla ya hapo mkondo ulikuwa tofauti. Mwaka 1974 Mzee Kenyatta alifuta karo kwa madarasa manne ya kwanza, na Rais Moi alipochukua hatamu aliendeleza mpango huo na kuongeza maziwa ya Nyayo. Mambo yaligeuka mwaka 1988. Jopo lililoongozwa na James Kamunge lilipendekeza wazazi wachangie gharama, na serikali ikakubali pendekezo hilo katika Waraka Nambari 6 wa mwaka huo. Serikali ingeendelea kulipa mishahara ya walimu, nao wazazi wangenunua vitabu, kujenga madarasa na kugharimia mengine yote.

Yafaa ikumbukwe kuwa Bunge la wakati huo lilikuwa la chama kimoja, na wabunge wengi walikuwa wameingia kwa kura ya mlolongo. Hapakuwa na kamati ya kudumu ya elimu wala ya ustawi wa jamii ya kumwita waziri, kusikiliza wazazi na kupima iwapo mchungaji wa Kajiado au kibarua wa mjini angemudu mzigo huo. Kamati za kufuatilia kazi za wizara moja moja zilianza kuota mizizi baada ya uchaguzi wa 1997. Ugawanaji gharama ulipita bila kuulizwa maswali mengi, na katika miaka ya 1990 idadi ya watoto walioacha shule ikawa jambo la kusikitisha.

Ni katika uchaguzi huo wa 1988 Saitoti alipotwaa kiti cha Kajiado Kaskazini, eneo lililojumuisha Ngong, Ongata Rongai na viunga kama Gataka, hadi nyanda za Kitengela. Mwaka uliofuata aliteuliwa Makamu wa Rais baada ya Dkt Josephat Karanja kujiuzulu. Alishikilia wadhifa huo hadi Januari 1998, akarudishwa mwaka 1999, na kwa jumla akahudumu takriban miaka 12, muda mrefu kuliko makamu mwingine yeyote nchini.

Mwaka 1990 aliongoza kamati ya KANU iliyozunguka nchini kukusanya maoni kuhusu mwenendo wa chama. Iliundwa kutuliza joto la kisiasa, lakini wananchi waliitumia kumwaga yaliyokuwa yamewajaa moyoni. Mwishoni mwa mwaka huo KANU ilikubali kuachana na mlolongo, na mwaka mmoja baadaye mfumo wa vyama vingi ukarejea. Kamati hiyo ilionyesha kuwa raia akipewa nafasi ya kusema mbele ya jopo, hata serikali yenye mkono mzito hulazimika kusikia.

Hata hivyo, jina lake lilitiwa doa katika kipindi hicho hicho. Kashfa ya Goldenberg, ambapo mabilioni ya pesa za umma yalilipwa kama fidia ya dhahabu iliyodaiwa kuuzwa nje, ilitokea alipokuwa Waziri wa Fedha, wadhifa alioushikilia hadi 1993. Tume ya Jaji Samuel Bosire ilimtaja katika ripoti yake, naye akaondoka kwa muda katika Baraza la Mawaziri Februari 2006. Alikana daima kufanya kosa lolote. Julai mwaka huo Mahakama Kuu ilibatilisha mapendekezo yaliyomhusu, na kabla ya mwaka kwisha akarejeshwa kazini. Kwa mzazi aliyefukuziwa mtoto shule kwa deni la karo katika miaka ya Goldenberg, uamuzi wa mahakama haukufuta swali la pesa hizo zilikokwenda.

Machi 2002, katika kongamano la Kasarani ambako KANU iliungana na NDP, Saitoti alijikuta ametengwa katika orodha ya viongozi wapya wa chama. Agosti mwaka huo alipigwa kalamu kama Makamu wa Rais. Aliungana na waasi wenzake wa KANU, wakaingia katika muungano wa NARC, na Desemba Mwai Kibaki akashinda urais kwa ahadi iliyogusa kila boma, yaani elimu ya msingi bila malipo.

Sheria ilikuwa tayari imetangulia. Sheria ya Watoto ya 2001, iliyopitishwa Saitoti akiwa Makamu wa Rais, ilikuwa imetambua haki ya kila mtoto kupata elimu ya msingi bila malipo. Kilichokosekana ni pesa, na mtu wa kuzigawa.

Wizara yake ilitenga Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh650 zilikuwa za vitabu na vifaa vya kusomea, na Sh370 za matumizi mengine ya shule. Kila shule ilifungua akaunti mbili za benki, na kamati za shule zenye wawakilishi wa wazazi zikapewa jukumu la kusimamia matumizi. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka watu milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 mwaka 2003. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret na kushangaza ulimwengu.

Matatizo hayakukawia. Idadi ya walimu wa serikali ilikuwa imefungwa kwa takriban 235,000 tangu 1998, kwa hivyo mwalimu mmoja alijikuta mbele ya darasa la watoto wapatao mia. Miji iliyokua kwa kasi iliumia zaidi. Kitengela, uliovimba kutokana na wafanyakazi wa viwanda vya EPZ na saruji vya Athi River, ulipokea familia mpya haraka kuliko madarasa yalivyojengwa.

Kwa jamii ya wafugaji, kikwazo hakikuwa karo pekee. Shule ilikuwa mbali, ukame ulihamisha boma, na wasichana wengi waliozwa wangali wadogo. Mtoto wa aina hiyo alihitaji bweni, na gharama za bweni zilibaki kwa wingi mabegani mwa mzazi. Hapo ndipo sera ya elimu ilipokutana na sera ya ustawi wa jamii. Kumwondolea mtoto karo hakutoshi ikiwa ana njaa au tayari ametolewa mahari.

Novemba 2003 Saitoti aliitisha kongamano la kitaifa la elimu, na maazimio yake yakazaa Waraka Nambari 1 wa mwaka 2005, uliokuwa mwongozo wa sekta hiyo kwa miaka mingi. Alipohamishiwa Wizara ya Usalama wa Ndani Januari 2008, shule za upili za kutwa zilikuwa zikianza kupokea pesa za serikali za kugharimia mafunzo. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye ilifichuka kuwa mamilioni ya shilingi za elimu bila malipo yalikuwa yameporwa, na wafadhili wakasitisha misaada yao.

Juni 10, 2012, helikopta ya polisi iliyokuwa ikimpeleka Ndhiwa pamoja na naibu wake Joshua Orwa Ojode ilianguka katika msitu wa Ngong, eneo la Kibiku. Wote sita waliokuwemo walifariki. Saitoti alizikwa Kajiado, katika eneo aliloliwakilisha kwa miaka 24. Kufikia uchaguzi wa 2013 eneobunge lake lilikuwa limegawanywa, na Kitengela ukawa chini ya Kajiado Mashariki.

Katiba ya 2010 iliifanya elimu ya msingi bila malipo kuwa haki ya kila mtoto. Aidha iliwatoa mawaziri katika Bunge, wakawa watu wa kuitwa na kamati kutoa hesabu ya kila shilingi. Laiti kamati kama hizo zingekuwepo mwaka 1988, huenda Saitoti wa Fedha angelazimika kujibu mapema maswali ambayo Saitoti wa Elimu alikuja kuyatafutia majibu miaka 15 baadaye. Kwa watoto walioacha shule kati ya miaka hiyo miwili, majibu hayo yalikuja wengi wao wakiwa tayari watu wazima.