Maisha ya Pio Gama Pinto, Aliyepeleka Habari za Walionyimwa Haki

Ndugu zetu wa Ukunda na Msambweni waendao Nairobi kwa basi hupita Mackinnon Road, na macho ya wengi huelekea msikiti ulio kando ya reli. Ni wachache wakumbukao kwamba mwaka 1954 mahali hapo, ambapo leo ni katika Kaunti yetu ya Kwale, palikuwa na kambi kubwa iliyozungushiwa seng'enge. Ndani yake walitiwa maelfu ya watu waliokamatwa Nairobi, wasifikishwe mbele ya hakimu wala kuambiwa watatoka lini.

Habari za kambi kama hizo zilitokaje nje, na hali serikali ilikuwa ikizikana? Zilitoka kwa mikono ya watu, na mmoja wa watu hao ni huyu tunayemweleza leo. Huenda msomaji akatuuliza mna nini na mtu aliyezaliwa katika nyumba ya Wakatoliki wa asili ya Goa. Jawabu letu ni fupi. Tumeamrishwa kusimamisha ushahidi wa haki hata juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Basi hatuoni vipi itakuwa vibaya kumshuhudilia mtu aliyeusimamisha.

Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Angali mtoto alipelekwa Bara Hindi kusoma, na ujanani akaingia katika harakati za kuwatoa Wareno Goa. Nusura akamatwe na kupelekwa gereza la Tarrafal, katika visiwa vya Cape Verde. Mwaka 1949 akarejea Kenya, akajifunza Kiswahili vizuri, akafanya kazi katika chama cha Wahindi na katika uhariri wa gazeti la Daily Chronicle.

Mwaka 1948 Uingereza ilikuwa miongoni mwa dola 48 zilizopiga kura ya kuikubali Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu, inayokataza mtu kuteswa au kufungwa ovyo. Haikupita miaka mitano, na mnamo Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa Kenya. Katika miaka ile watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Waliokufa pasipo mahakama ni wengi zaidi.

Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya Pinto. Aliwatafutia mawakili washitakiwa wasiokuwa na kitu, akakusanya habari za waliopigwa na waliofukuzwa makwao, akazipeleka Bara Hindi na kwa wabunge wa Uingereza waliokuwa tayari kuuliza maswali. Ni kazi isiyokuwa na fahari. Mwenye kuifanya hukaa na mjane aliaye, akamsikiliza, kisha akamuuliza tena siku ilikuwa gani na nani mwengine aliyeona. Kwani neno lisilokuwa na siku wala shahidi, serikali hulifuta kwa barua moja.

Sisi wa Ukunda twaijua thamani ya kazi hiyo. Mwaka 2016 chama cha Haki Africa cha Mombasa kilitoa taarifa yenye visa 81 vya watu wa pwani waliouawa au kupotea tangu mwaka 2012. Lau visingeandikwa, leo vingekuwa minong'ono ya barazani.

Tumrudie Pinto. Alioa Januari 1954, na mwezi wa Juni mwaka huo huo akakamatwa. Alipelekwa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, kwenye kambi ya Takwa. Msomaji wa pwani alijua jina hilo: ni mji wa kale wa Waislamu, na msikiti wake ungali na nguzo yake juu ya ukuta wa kibla. Jirani na magofu hayo alikaa mpaka mwaka 1958, na baba yake akafariki naye yumo kizuizini. Kisha akahamishiwa Kabarnet, asifunguliwe ila mwaka 1959.

Kumfunga yeye hakukuzuia habari kutoka. Mwaka 1956 Mwingereza Eileen Fletcher, aliyekuwa ameajiriwa na serikali katika kambi hizo kisha akajiuzulu, aliandika aliyoyaona kwa macho yake. Tarehe 3 Machi 1959, Pinto angali Kabarnet, mahabusi 11 walipigwa hadi kufa Hola, kando ya mto Tana. Serikali ilisema kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa hakimu ukaonyesha majeraha ya kupigwa, na mjadala ukafika Bunge la London.

Alipotoka, Pinto alirudia kalamu. Alisaidia kuanzisha Sauti ya KANU, kisha Sauti ya Mwafrika, na mwaka 1964 akaingia Bunge la Kenya huru. Wala hakunyamaza kwa kuwa watawala sasa walikuwa wenzake. Aliendelea kudai ardhi kwa maskini, jambo ambalo sisi wa Kwale hatuhitaji kuelezwa.

Asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi ndani ya gari yake, mlangoni pa nyumba yake Nairobi, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Umri wake ulikuwa miaka 37. Kijana mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo, akakaa gerezani mpaka mwaka 2001, akisema siku zote kwamba siye. Aliyeamuru auawe hajapata kutajwa na mahakama yoyote.