Roald Dahl: Rubani wa Vita Aliyemkumbuka Fundi wa Ndege Ndogo

Watoto wa vijijini kwetu, kuanzia Magu hadi Sengerema, hutengeneza ndege kwa mabua, waya na makopo. Ulaya wapo watu wazima wanaounda ndege ndogo za mfano, nyingine zikiwa na injini na zinaruka kweli. Wengine huziunda kama za vita na kuzipiga picha hadi ukadhani ni ndege halisi. Wapo wanaosema huko ni kupoteza muda. Leo tunawaletea maisha ya Roald Dahl, ambaye ufundi huo ulimfaa siku uhai wa mwanawe ulipokuwa hatarini.

Dahl alizaliwa Septemba 13, 1916 huko Wales, Uingereza, kwa wazazi kutoka Norway. Tangu shuleni alipenda kupiga picha. Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimleta Tanganyika, akaishi Dar es Salaam na kujifunza Kiswahili. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, na huko akafundishwa kurusha ndege ndogo aina ya Tiger Moth.

Septemba 1940 alianguka na ndege ya kivita aina ya Gladiator katika jangwa la Afrika Kaskazini. Fuvu lake lilipasuka, na kwa wiki kadhaa hakuona. Alipopata nafuu alirudi angani, akapigana Ugiriki mwaka 1941 akiwa na ndege ya Hurricane. Mwishowe maumivu makali ya kichwa yalimwondoa kwenye urubani. Baadaye akawa mwandishi wa vitabu vya watoto vinavyosomwa dunia nzima.

Desemba 1960, mjini New York, gari liligonga kigari alichokuwa amelazwa mwanawe Theo, mtoto wa miezi minne. Maji yakaanza kujaa kichwani. Madaktari walimwekea mrija wa kuyatoa, lakini uliziba mara kwa mara, na kila ulipoziba mtoto alirudishwa kwenye upasuaji.

Hapo Dahl alimkumbuka Stanley Wade, fundi aliyetengeneza pampu ndogo za kusukuma mafuta kwenye injini za ndege za mfano. Mtu anayeweza kupitisha mafuta kwenye tundu dogo namna ile bila kuziba, alifaa kuulizwa kuhusu maji ya kichwani. Daktari wa upasuaji wa ubongo, Kenneth Till, akaungana nao.

Watatu hao walitengeneza valvu ndogo ya chuma. Ilifanya kazi kama ya tairi la baiskeli: kitu kinapita upande mmoja tu, hakirudi. Ilikuwa tayari mwaka 1962. Theo alikuwa amepata nafuu na hakuihitaji tena, lakini watoto wapatao 3,000 wa nchi mbalimbali waliwekewa. Watatu hao hawakutaka faida yoyote.

Mwaka huohuo, Novemba, Dahl alimpoteza binti yake Olivia, wa miaka saba, kwa surua iliyofika kwenye ubongo. Wakati huo chanjo ya surua haikuwapo Uingereza. Miaka mingi baadaye aliandika kuwahimiza wazazi wachanje watoto wao. Alifariki Novemba 23, 1990, akiwa na miaka 74.

Ndugu msikilizaji, watoto wenye vichwa vikubwa wapo pia Kanda ya Ziwa. Si kurogwa wala si laana. Ukiona kichwa cha mtoto kinakua haraka kuliko mwili, utosi umevimba, au macho yanatazama chini muda wote, usisubiri. Mpeleke kituo cha afya mapema, nao watamwandikia rufaa. Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, hufanya upasuaji huo. Na chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Angalieni kadi ya kliniki leo.