Alex Raymond

Alexander Gillespie Raymond (2 Oktoba 1909 – 6 Septemba 1956) alikuwa mchoraji wa katuni kutoka nchini Marekani. Anafahamika zaidi kwa katuni za Flash Gordon, Jungle Jim na Rip Kirby. Kabla ya hizo alichora visa vya kijana Tim Tyler katika misitu ya Afrika, lakini jina lake halikuandikwa katika kazi hiyo.

Maisha ya awali

Raymond alizaliwa mjini New Rochelle, katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa mhandisi, na ndiye aliyemhimiza kuchora. Alifariki Alex akiwa na umri wa miaka 12. Baadaye kijana huyo alipata kazi ya ukarani Wall Street, lakini soko la hisa lilipoanguka mwaka wa 1929 alibaki bila kazi. Ndipo alipojiunga na chuo cha sanaa cha Grand Central. Jirani yake wa zamani, mchoraji Russ Westover, alimchukua kuwa msaidizi na kumwingiza King Features, kampuni iliyouza katuni kwa magazeti mengi.

Tim Tyler

Katika kampuni hiyo aliwasaidia ndugu wawili: Chic Young, mwenye katuni ya Blondie, na kaka yake Lyman Young, mwenye Tim Tyler's Luck. Katuni ya Lyman ilianza mwaka wa 1928. Tim alikuwa yatima aliyependa ndege. Baadaye yeye na rafiki yake Spud walifika Afrika na kujiunga na Doria ya Pembe, kikosi cha polisi cha kubuniwa kilichowafuatilia wahalifu porini.

Mwanzoni michoro ilikuwa sahili. Raymond alipoichora, hasa miaka ya 1932 na 1933, miili ilipata uzito, wanyama walianza kuonekana kama wanyama, na msitu ukawa na kivuli. Sahihi iliendelea kuwa ya Lyman Young. Huo haukuwa wizi. Ndivyo kazi ilivyokuwa siku hizo. Mwenye katuni ndiye aliyetia sahihi, msaidizi alipata mshahara. Ndiyo maana leo wapenzi wa katuni huitambua kazi ya Raymond kwa kuangalia mkono tu.

Afrika ya katuni hiyo nayo ilikuwa ya kubuniwa. Ina malkia wa siri na makabila yasiyokuwepo, na vijana wazungu ndio wanaoleta amani. Msomaji wa Afrika Mashariki hataona humo mahali anapopajua. Hata hivyo ilisomwa mbali: nchini Italia Tim na Spud waliitwa Cino na Franco, na mwandishi Umberto Eco alichukua jina la riwaya yake ya mwaka wa 2004 kutoka kisa chao kimoja.

Flash Gordon na Jungle Jim

King Features ilitaka katuni za kushindana na Buck Rogers na Tarzan. Tarehe 7 Januari 1934 Raymond alianzisha mbili kwa pamoja, katika ukurasa mmoja wa Jumapili: juu Jungle Jim, mwindaji wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na chini yake Flash Gordon, aliyepigana kwenye sayari Mongo. Mwezi huohuo alianza pia kuchora Secret Agent X-9, iliyoandikwa na Dashiell Hammett. Mzigo ulikuwa mkubwa mno, na mwaka wa 1935 aliiacha hiyo ya tatu.

Flash Gordon ndiyo iliyompa sifa. Filamu zake zilianza mwaka wa 1936, na miaka mingi baadaye George Lucas alitaka kuitengeneza upya. Alipokosa haki akatunga Star Wars.

Vita na Rip Kirby

Mwaka wa 1944 Raymond aliacha kazi kwa hiari yake na kuingia Marine Corps. Alihudumu katika Pasifiki kwenye manowari ya kubebea ndege, akatoka jeshini akiwa meja. Aliporudi hakurudishiwa Flash Gordon, kwa kuwa kampuni ilikuwa imemkabidhi Austin Briggs kazi hiyo, na katuni ilikuwa mali ya kampuni, si ya aliyeichora. Safari hii Raymond hakuwa msaidizi wa kijana. Alikuwa mchoraji maarufu, na bado hakuwa na la kufanya.

Akaanza upya na Rip Kirby, mpelelezi wa mjini mwenye miwani, tarehe 4 Machi 1946. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Reuben ya mwaka wa 1949, kisha akawa rais wa chama cha kitaifa cha wachoraji katuni.

Kifo

Raymond alipenda magari ya kasi. Tarehe 6 Septemba 1956, karibu na Westport, Connecticut, alikuwa akiendesha Corvette ya mchoraji mwenzake Stan Drake ilipoacha njia na kugonga mti. Drake alinusurika. Raymond alifariki akiwa na umri wa miaka 46. Rip Kirby ilikabidhiwa kwa John Prentice, aliyeichora hadi mwaka wa 1999.