ALIYETOKA NYUMA YA NGOMA

Katika bendi yoyote mpiga ngoma huketi nyuma. Wachezaji hufuata mapigo yake, lakini sifa humwendea mwimbaji aliye mbele. Leo twataka kuwakumbusha wasomaji wetu habari za mtu aliyeanza nyuma akaishia mbele, kwani twaona maisha yake yana fundisho kwa kila msanii, na kwa kila mwenye mali amlipaye msanii.

Mtu huyo ni Marvin Gaye, Mwamerika Mweusi aliyezaliwa mjini Washington tarehe 2 Aprili, 1939. Baba yake alikuwa mhubiri mkali, naye aliimba kanisani tangu udogo. Mwaka 1956 aliingia jeshi la anga, wala hakudumu humo. Alifika Detroit mwaka 1960, na katika kampuni ya santuri ya Motown akapata kazi ya kuwapigia wengine ngoma. Ni yeye aliyepiga ngoma katika "Please Mr. Postman", wimbo wa wasichana wa kundi la Marvelettes, ambao mwaka 1961 ulikuwa wa kwanza wa kampuni hiyo kuongoza kwa mauzo katika Marekani nzima.

Santuri yake mwenyewe ya mwaka huo haikupata wanunuzi. Hakukata tamaa. Mwaka 1962 wimbo wake ulipendwa, na kufikia 1968 alikuwa mmoja wa waimbaji wakuu wa Motown. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za mapenzi, nasi hatuzilaumu. Lakini mwaka 1970 alifariki Tammi Terrell, aliyekuwa akiimba naye. Tena mdogo wake Frankie alikuwa amemweleza mambo ya kutisha aliyoyaona katika vita vya Vietnam.

Hapo ndipo ulipotokea wimbo "What's Going On". Wazo lake la kwanza lilikuwa la Renaldo Benson, aliyewaona polisi wakiwapiga vijana huko California mwaka 1969. Mwenye kampuni, Berry Gordy, aliukataa kwa kuhofia biashara. Gordy huyo alikuwa pia shemeji yake, maana Marvin alimwoa dada yake. Hata hivyo Marvin hakutetereka: aligoma kurekodi lolote jingine mpaka wimbo huo utolewe.

Ulitolewa Januari 1971, ukanunuliwa kwa wingi. Mwezi Mei ikafuata santuri nzima iliyosema juu ya vita, umaskini, madawa ya kulevya na uchafuzi wa hewa na bahari. Mwaka 2020 jarida la Rolling Stone liliiweka ya kwanza kati ya santuri 500 zilizo bora.

Hatusemi kwamba alikuwa malaika. Madawa aliyowaonya wengine yalimtawala mwenyewe, na mwaka 1981 alikuwa Ubelgiji, mbali na madeni yake. Tarehe 1 Aprili, 1984, siku moja kabla ya kutimiza miaka 45, aliuawa kwa risasi na baba yake katika ugomvi nyumbani kwao Los Angeles.

Msiba huo haufuti ukweli ulioonekana mwaka 1971. Mwenye mali aweza kununua vyombo na kumlipa mpigaji, lakini fedha yake haimpi haki ya kuwaamulia watu wasikie nini. Msanii anayeyajua mateso ya watu wake hana budi kuyasema, hata kama anayemkataza ni bwana wake, na hata kama ni shemeji yake.